Mtamba wa Mwenye Medali Nyingi

Katika tangazo lake rasmi la mwaka 2022, lililopambwa kwa picha ya vijana wanaocheka wakiitazama kompyuta, kampuni moja yenye duka la michezo mtandaoni iliujulisha ulimwengu kwamba duka lake, kuanzia siku hiyo, halikuwa duka tu. Lilikuwa makao. Kila kilichoongezwa humo, ilisema kampuni, iwe orodha ya marafiki, uwanja wa majadiliano, kitufe cha zawadi, medali, ngazi za wachezaji au tafsiri ya papo hapo, kiliwekwa kwa lengo moja lisilo na la pili: kumfikisha mchezaji kwenye mchezo wake kwa njia fupi kuliko zote.

Kampuni haikuitaja Kibabi. Si kosa lake. Kuna ramani ambazo nazo hazikuitaja.

Kibabi ni kijiji cha milima ya Masisi, pa viazi, maharagwe na ng'ombe, na mwaka ule kilikuwa na duka moja lenye umeme. Mwenye duka ni Katembo Constantin, Mnande wa Butembo, Mkatoliki, muuza chumvi, sabuni, betri, misumari na mabati. Kama wafanyabiashara wengi wa kwao, alikuwa na imani mbili, Misa ya Jumapili na bidhaa iliyopangwa vizuri, na ya pili hakuikosa hata siku za kazi. Juu ya paa aliweka bamba la kunasa jua, na katika chumba cha nyuma kompyuta mbili, ambapo vijana, pamoja na wazee wasiopenda kuitwa wazee, walilipa kucheza mpira wa kwenye kioo. Michezo yenyewe aliipakua Goma alipokwenda kufuata bidhaa, kwa sababu mtandao ulifika Kibabi ukiwa umechoka. Maandishi uliyaweza. Picha uliziweza pia, zikishuka taratibu kutoka juu, kofia kwanza, kisha uso, kisha shati. Mchezo mzima ulikuwa mzigo mwingine.

Matokeo yake ni kwamba watu wa Kibabi walilijua duka la mtandaoni kuliko michezo iliyouzwa humo. Mtu aliweza kukueleza kwamba mchezo fulani umesifiwa sana, nani wa Brazili ameukasirikia na kwa nini, bila yeye mwenyewe kuuona hata ukipepesa jicho.

Katembo hakuwa na neno jema juu ya nyongeza za duka hilo la mtandaoni. Kila alipolifungua duka ili aone kama mpira mpya umetoka, duka liliomba kwanza lifanyiwe mise à jour lenyewe, yaani lisasishwe, na hiyo mise à jour ilikula mega zote za mtandao alizonunua. Ziliishia kwenye nini? Medali. Mara nyingine vikaragosi vya kupamba jina lako. Mpira ulibaki ng'ambo.

«Duka iko duka,» alisema, akifuta meza kwa kitambaa. «Muntu anaingia, anaomba sabuni, namupa sabuni, anaenda. Simuulize marafiki yake ni nani. Simupe medali sababu amenunua sabuni.»

«Ungemupa, angerudi mbio,» alisema Semana.

«Atarudi sabuni ikiisha. Hata bila medali.»

Huyu Semana ndiye mwenye hadithi. Alizaliwa malishoni juu ya Kibabi, mtoto wa mchungaji wa ng'ombe za watu wengine, na kazi hiyo akairithi kama wengine wanavyorithi shamba. Alisoma kwa mapadri mpaka mwaka wa tatu wa sekondari, vita vya wakati huo vikaifunga shule, na shule ilipofunguliwa alikuta ng'ombe wamemzoea. Alichokibakiza ni Kifaransa cha mapadri, chenye salamu ndefu na alama zote juu ya herufi, pamoja na njaa ya kusoma isiyochagua chakula. Alisoma karatasi za dawa za kupe. Alisoma mifuko ya saruji. Kalenda ya parokia aliimaliza Januari, akakaa miezi iliyobaki akisubiri nyingine.

Alichunga ng'ombe za mkubwa mmoja wa Goma, ambaye Kibabi yote ilimwita Patron na ambaye alikuja kuwaona ng'ombe wake kama watu wanavyokwenda kuona kaburi, yaani mara chache na kwa suti. Maziwa ya asubuhi Semana aliyafanya jibini, zile duara nyekundu za Masisi wanazoziita fromaji, akamkabidhi mwenye pikipiki azipeleke sokoni Sake. Kisha akateremka dukani kwa Katembo na chupa ya maziwa, akaiweka mezani na kuketi mbele ya kompyuta. Hakuwa anacheza. Alisema, «Nisomeshe kidogo,» na Katembo akamfungulia duka la mtandaoni. Maziwa yalikuwa mazuri, na msomaji hapigi kelele.

Ni humo alimoukuta mchezo wa kufuga ng'ombe. Ukurasa wake ulijaa picha: zizi safi kama zahanati, ng'ombe weupe wenye mabaka meusi, mkulima mwenye mashavu. Mchezo huo, tangazo liliapa, ulikuwa na ng'ombe zaidi ya mia. Semana alizitazama picha zikishuka moja moja kwa adabu zote. Kisha akaingia kwenye uwanja wa majadiliano, ambako watu wa dunia nzima waliulizana namna ya kupata trekta haraka, na akaandika, kwa Kifaransa cha mapadri:

«Mabwana na mabibi, salamu. Katika picha ya tatu ng'ombe anakamuliwa na ndama haonekani. Ndama yuko wapi? Kama amekufa, mbona mkulima anacheka?»

Watu wa trekta hawakujibu. Alijibu mmoja tu, aliyejiita Veikko, kutoka Finlandi. Duka lilitafsiri maneno yake: katika zizi la bibi yake pia ndama alikuwa anasimama pale pale, na waliotengeneza mchezo huu ni watu wa mjini.

Urafiki ulianza hapo. Veikko alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani, na kati ya theluji moja na nyingine alicheza sana. Ukurasa wake dukani ulionyesha hivyo. Chini ya picha yake, akiwa amesimama mbele ya gari lake la chuma lenye bamba pana mbele, zilipangwa medali safu kwa safu, za dhahabu, za fedha na za rangi ambazo madini yake hayajagunduliwa, na pembeni ngazi yake imeandikwa kwa tarakimu tatu. Semana alikuwa na medali moja. Alipewa kwa kujiandikisha.

«Huyu muntu iko na kazi?» aliuliza Katembo, akichungulia kwa nyuma.

«Anafungua barabara.»

«Na medali zote zile, za nini?»

«Zingine za kulima. Zingine za vita. Hii hapa ni ya kupika samaki elfu.»

«Samaki ya picha.»

«Alisimamia kazi mpaka mwisho, Papa Katembo. Ya picha ao ya maji.»

Katembo alisema kwamba kama mega zilizobeba medali za yule mtu zingebeba mpira, Kibabi ingekuwa na mashindano tangu Pasaka. Hesabu hiyo haikuwa na makosa. Hata hivyo akaupiga picha ukurasa ule kwa simu ya Semana, kwa sababu Semana alitaka kumwonyesha mke wake.

Mke wake, Kamaliza, aliitazama picha jikoni kwa muda mfupi kuliko Semana alivyotarajia.

«Ana watoto?»

«Sijamuuliza.»

«Miezi yote ile munaongea ndama, haujamuuliza kama iko na watoto.»

Ilipokaribia Noeli, kompyuta ya Katembo ilimwonyesha Semana kisanduku kilichofungwa utepe. Veikko alikuwa amebonyeza kitufe cha zawadi. Dukani walikuwepo watu: Mama Annonciata aliyefuata chumvi, vijana wawili wa mpira, na mwenye pikipiki wa Sake. Semana akakifungua kisanduku, akasubiri maandishi yashuke, akayasoma kwa sauti kama alivyozoea.

«Ng'ombe hawa ni wako. Watunze vizuri. Veikko.»

Kisha akavua kofia.

Hapa panahitaji maelezo kidogo. Katika familia za wafugaji wa milima ile, ng'ombe wa rafiki hanunuliwi, hupewa. Mtu akikwambia mbele ya watu «ng'ombe huyu ni wako», mmefungwa pamoja nyinyi wawili na watoto wenu. Unakwenda kwake na pombe, unasimama uani, unamsifu ng'ombe na unamsifu aliyetoa. Kwa Kinyarwanda chao wanaita gukura ubwatsi. Na siku ng'ombe wako wakikaa vizuri, unarudisha ndama jike mmoja. Hiyo wanaita kwitura. Asiyefanya hivyo hakamatwi na yeyote. Anaanza tu kusalimiwa kwa neno moja badala ya manne, na wapo waliohamia Walikale, kwenye msitu, kwa sababu ya hilo tu.

«Papa Semana,» alisema Katembo taratibu, kama mtu anayemwongelesha mgonjwa, «ni mchezo. Amekutumia mchezo.»

«Umesikia ameandika mchezo?»

«Hapana, lakini...»

«Mama Annonciata, ulisikia nini?»

«Ng'ombe,» alisema Mama Annonciata. «Na nilikuwa nimekuja kwa chumvi tu.»

«Haiko hata ndani ya machine,» alisema Katembo. «Ili uicheze lazima ishuke, na haiwezi kushuka. Tazama. Kwanza duka inaomba mise à jour.»

«Sina haraka,» alisema Semana. «Ng'ombe zikiwa za kwako hazikimbii.»

Jumapili iliyofuata alivaa koti, akabeba mtungi wa pombe ya ndizi mpaka dukani, akasimama mbele ya kompyuta na kuwasifu ng'ombe wa picha kwa sauti, mmoja mmoja kadiri walivyoonekana, huku Katembo akimpiga picha akiwa na uso wa mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Picha ilimfikia Veikko baada ya kula mega za wiki. Pombe iliwafikia waliokuwepo.

Ilibaki kwitura. Na hapo ndipo nyumba ya Semana ilipoingia baridi, kwa sababu katika kundi lote alilochunga, ng'ombe wake mwenyewe alikuwa mmoja: mtamba aitwaye Gaju, mwekundu wa kahawia, ambaye alikuwa bado hajazaa. Patron alimtoa kama malipo ya miaka mingi. Kamaliza alikuwa amemlisha kwa mkono kipindi cha kiangazi. Juu ya mgongo wa yule mtamba alikuwa amejenga nyumba nzima ya mawazo: ndama wa kwanza, maziwa yasiyo ya Patron, fromaji yenye jina lao, kundi.

Semana alimwambia kwamba Gaju sasa ni wa Veikko.

Kamaliza hakupandisha sauti. Aliendelea kumenya viazi.

«Ng'ombe mia za picha, kwa moja ya kweli.»

«Zaidi ya mia. Ndiyo maana ndama peke yake haitoshi.»

«Atakuja kumuchukua lini?»

«Hajui bado.»

«Hajui kama iko na ng'ombe Masisi.»

«Nitamwambia. Mtandao umekatika.»

«Ile njo ng'ombe yetu moja, Semana. Ile tu. Zingine zote unazilindia muntu wa suti.»

«Njo maana,» alisema Semana. «Nikirudisha kitu ambacho siko nacho, nitakuwa nimerudisha nini?»

Kamaliza akamenya kiazi kilekile mara ya pili. Kuanzia siku hiyo alimwita Gaju «mugeni», na alipompitia malishoni alimsalimia kwa neno moja.

Semana alimtangaza mtamba kama inavyotakiwa, dukani na nje ya kanisa. Mwenye pikipiki alilifikisha jambo Sake. Watu walicheka wiki nzima, na baada ya kucheka wakazoea, na mtoto yeyote wa Kibabi ukimwuliza ng'ombe mwekundu yule ni wa nani, alikujibu pasipo kufikiri: wa Papa Veikko.

Mwanzoni mwa mwaka vita vilisogea. Vilisogea kama vilivyokuwa vimezoea, kwa uvumi kwanza, kisha kwa watu wenye magodoro kichwani, kisha kwa mlio. Katembo aling'oa mabati ya duka lake kwa mpangilio ule ule aliouheshimu siku zote, akazifunga kompyuta kwenye blanketi, akavipakia vyote kwenye pikipiki mbili za kukodi. Kamaliza alitangulia na wanawake kuteremka kuelekea Shasha, kijiji cha kando ya ziwa. Semana alifuata nyuma na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hawana habari za vita na hutembea kwa mwendo wao. Katembo, ambaye pikipiki zake zilicheleweshwa na tope, alimkuta njiani, wakaenda pamoja.

Kwenye kona moja ya mteremko kulikuwa na barriere: mti umelazwa njiani, na watu wenye silaha wamekaa juu yake. Walikuwa wa kundi gani si muhimu. Wiki ile hata wao walikuwa wakiulizana. Kiongozi wao alikuwa mtu mwenye adabu, amevaa buti mpya na kofia ya mvua ya mwanamke. Kazi yake ilikuwa kuuliza swali moja, ambalo milimani kule linauliza mengi: ng'ombe ni wa nani? Kwa sababu nyuma ya kila kundi la Masisi yupo mtu, na busara ni kumjua mtu huyo kabla ya kula nyama yake.

«Ng'ombe hizi za nani?»

Semana akamtaja Patron. Wale wa kwenye mti wakacheka kwa furaha ya kweli.

«Yule alipanda ndege juzi,» alisema kiongozi. «Iko Kinshasa. Anatuma salamu. Muzipitishe huku.»

Wakaanza kuwapitisha ng'ombe upande wa pili wa barabara, wale ambao Semana aliwajua kwa majina tangu wakiwa ndama. Yeye akasimama, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Mmoja akaifikia shingo ya Gaju.

«Na hii?»

Katembo alieleza baadaye, mara nyingi na bila kuombwa, kwamba wakati ule alimwomba Mungu amzibe Semana mdomo. Alikuwa anakijua kitakachofuata. Semana alikuwa mtu wa ukweli.

«Hii haiko ya Patron,» alisema Semana. «Iko ya Papa Veikko.»

«Njo nani?»

«Rafiki. Alinipa ng'ombe nyingi, nikamrudishia hii.»

«Veikko.» Kiongozi alilionja jina. «Simujue. Wa wapi?»

«Finlandi. Niko na photo yake.»

Akatoa simu. Kiongozi akaikinga kwa mkono dhidi ya jua, akatazama. Akaona mzungu mwenye ndevu mbele ya gari kubwa la chuma lenye bamba pana kama barabara nzima. Akaikuza picha, akateremka chini yake kwa kidole gumba. Akakuta medali. Akaendelea kuteremka. Medali zikaendelea.

Akawaita wawili wa kwenye mti. Wakatazama watatu pamoja, kama watu wanaosoma tangazo la matokeo.

«Zote hizi za kwake?»

«Zote.»

«Hii tarakimu pembeni?»

«Grade yake.»

«Alizipata wapi, medali zote hizi?»

«Mahali nyingi,» alisema Semana. «Zingine za kulima. Zingine za vita. Moja ya samaki.»

Hii ya samaki iliwasumbua. Waliinong'onezana. Kisha kiongozi akamgeukia Katembo, ambaye alikuwa amesimama kando ya mabati yake akijaribu kufanana nayo.

«Weye mucommerçant. Unaonekana muntu ya akili. Huyu mukubwa unamujua?»

Katembo Constantin alikuwa amesema kwa mwaka mzima, mbele ya mashahidi wengi, kwamba medali za dukani ni takataka zinazokula mega za watu. Alikuwa na hoja, na ushahidi, na mpira ambao haukuwahi kufika. Alimtazama Semana, na fimbo yake, na mtamba mwekundu aliyekuwa anakula majani ya pembeni ya barriere kama hakuna anayezungumziwa.

«Namujua,» alisema. «Medali yake miye mwenyewe nilizionaka zinaingia. Moja moja. Zilinimalizia mega.»

Hakuwahi kusema ukweli uliomgharimu zaidi.

Kiongozi akarudisha simu kwa mikono miwili.

«Muache hii ipite,» aliwaambia watu wake, kisha akamwambia Semana: «Ukimuandikia, mwambie tulimuheshimu. Usisahau kuandika ni barriere gani.»

Semana akauliza ni barriere gani, ili aandike vizuri. Katembo akamvuta kwa koti.

Waliteremka mpaka Shasha na ng'ombe mmoja, mabati na kompyuta mbili. Kamaliza aliwaona wakitokea barabarani. Alihesabu mara moja, na haikuchukua muda.

«Zingine?»

«Zimebaki kule,» alisema Semana.

Akamtazama Gaju kutoka pembe mpaka mkia, kisha akaenda kumchumia majani, bila kumwita mgeni wala jina.

Shasha walikaa kwa jamaa wa mwenye pikipiki, wakila samaki wadogo wa ziwa, mpaka milima ilipotulia kidogo. Huko mtandao ulikuwa na nguvu zaidi kuliko Kibabi. Katembo alitandika kompyuta moja chini ya mabati yake yaliyoegemezwa ukutani, akaliwasha duka la mtandaoni, akalisubiri limalize mise à jour bila kulitukana, na Semana akaandika barua yenye salamu ndefu. Alieleza yote: kundi, barriere, heshima zilizotumwa. Mwisho akauliza, kwa kuwa jambo limefika hapa, Bwana Veikko atamchukua lini ng'ombe wake.

Jibu lilikuja kwa tafsiri ya duka, ambayo ilikuwa imelaza vitenzi vibaya lakini ikaeleweka. Veikko hakujua kama ana ng'ombe. Alikuwa ameisoma barua mara kadhaa, na mara moja kwa mke wake. Anaishi ghorofa ya tatu. Anaomba, kama si usumbufu, Semana abaki naye. Ng'ombe huyo ni wa Semana. Amtunze vizuri. Na ndiyo, wana watoto wawili.

Semana alisoma kwa sauti. Kamaliza alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina magamba ya samaki.

«Basi iko yetu?»

«Iko yetu. Ametupa.»

«Ilikuwa yetu mbele.»

«Mbele ilikuwa mushahara,» alisema Semana. «Sasa ni ng'ombe tumepewa.»

Kamaliza alilifikiria hilo. Alikuwa binti wa wafugaji naye.

«Utabeba pombe tena.»

«Lazima.»

«Safari hii nitabeba miye,» alisema Kamaliza. «Na nitasimama pale kwenye machine. Wewe haujui kusifu ng'ombe mwekundu.»

Siku hizi wamerudi Kibabi, kwa kadiri mtu anavyoweza kusema amerudi mahali ambapo huenda akaondoka kesho. Patron alituma ujumbe kutoka Kinshasa akiulizia ng'ombe wake. Semana alimjibu kwa ukurasa mzima na alama zote juu ya herufi. Gaju alizaa jike, mwekundu kama mama yake, na Kamaliza akampa ndama jina ambalo hakuna mtu wa Kibabi anayeweza kulitamka, ni la binti mkubwa wa Veikko. Maziwa ni yao. Fromaji bado ni ndogo ndogo, ila zina jina.

Katembo amefungua tena duka, bidhaa zimepangwa. Msimamo wake kuhusu nyongeza za duka la mtandaoni haujabadilika, na atakupa sababu zote ukimnunulia hata kiberiti. Anachokubali ni kitu kimoja tu katika makao yale ya wachezaji, mstari mdogo ulio chini kabisa ya kila mchezo, kwa sababu, anasema, huo peke yake hauongezi chumvi. Semana naye bado anateremka kila alasiri na chupa yake ya maziwa. Mchezo wa ng'ombe uko kwenye ukurasa wake, na karibu yake kisanduku chenye utepe, kimefunguliwa. Mstari mdogo unasema: muda uliochezwa, saa sifuri.